Sauti ya Mpiga Pasi

Kwa miaka kumi na moja mpiga pasi alifanya kazi yake ndani ya chumba alimolala mtu. Meza ya pasi ilikaa upande wa dirisha, kitanda upande wa ukuta, na katikati watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kujibana. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye yadi ya mabomba. Alirudi saa moja na nusu asubuhi, akanawa, akala, akajitupa kitandani, na kuanzia hapo mpaka saa tisa alasiri mkewe aliishi kwa ncha za vidole vya miguu. Alijifunza kuitua pasi juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ili isigonge. Alijifunza kukunjua shuka bila kulikung'uta. Wateja walipobisha hodi alifungua mlango kidole kikiwa tayari mdomoni, nao wakazoea, wakawa wanamnong'oneza tangu nje:

"Suruali yangu tayari?"

"Bado mguu mmoja."

Mumewe akiamka, kulikuwa na saa mbili tu kabla hajaondoka tena, nazo zilikwisha kwa kuoga, kula na kufunga kamba za viatu. Maongezi yao yalikuwa ya chumvi, ya maji, ya kitasa kilichokwama. Hawakujaliwa watoto. Siku zingine ilifika jioni mpiga pasi akagundua kwamba tangu asubuhi hajasema jambo hata moja kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili angeisikia.

Kitu chake mwenyewe kilikuwa kimoja: kwaya ya mtaa, Jumatano na Jumamosi jioni. Huko nako alisimama mstari wa nyuma, na wenzake walimpachika jina la Mnong'ono. Hakukasirika. Aliona limemkaa.

*

Jumatano moja Mwalimu wa kwaya aliingia darasani walikofanyia mazoezi akiwa amefuatana na yule mwanamke aliyekuwa akiongoza nyimbo zote, waliyemwita Tarumbeta. Tarumbeta alikuwa amezungushia kitambaa shingoni. Alikaa kwenye dawati, akatikisa kichwa, hakusema neno.

"Amepasuliwa tezi," Mwalimu akasema. "Daktari amemkataza kuimba mpaka mwakani, pengine na zaidi. Na sisi tumealikwa kufungua ukumbi mpya wiki tatu zijazo. Umeme haujaunganishwa kule, kwa hiyo vipaza sauti msahau. Ni koo la mtu na Mungu wake."

Akawasimamisha wanawake wa sauti ya kwanza mmoja mmoja, waujaribu ule wimbo wa Tarumbeta wenye kipande cha kuimbwa na mtu mmoja. Wenye nguvu walikwama kwenye kile kipande cha juu, wakakipasua kama kitenge kibovu. Ikafika zamu ya Mnong'ono. Aliimba akiangalia vidole vyake. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akatoka nje, akavuka uwanja, akasimama kwenye geti.

"Rudia!" akapiga kelele kutoka huko.

Akarudia. Mwalimu akarudi taratibu, mikono mfukoni.

"Nimekuona ukiimba," akasema. "Sijakusikia."

Darasa zima likaangua kicheko. Mnong'ono naye akacheka, kwa kuwa usipocheka ndiyo wanajua imekuuma.

"Lakini hapa ndani," Mwalimu akaendelea, na safari hii hakuwa na mzaha, "sijapata kukisikia kile kipande kikiimbwa hivyo. Hata wewe Tarumbeta, unisamehe. Una maji safi, mama, ila unayagawa kwa kijiko. Nakupa wiki mbili. Ukinifikia pale getini, wimbo ni wako. Usiponifikia, tunaufuta."

Mnong'ono alipokuwa akitoka, Tarumbeta alimshika mkono, akaubana. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mpiga pasi hakujua kama ni kwa kumtakia heri au kwa uchungu, na pengine mwenyewe Tarumbeta hakujua.

*

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo mnadi wa mitumba, mtu mnene mwenye kifua kama pipa, aliyemletea mashati ya kunyooshwa kabla hajayapandisha mezani. Huyu ndiye mteja pekee ambaye kidole cha mdomoni hakikumtosha. Hata akinong'ona, vikombe vilitikisika. Asubuhi ya Alhamisi alipokuja kuchukua mzigo wake, mpiga pasi alitoka naye hadi nje, akarudishia mlango.

"Kaka, wewe unapiga kelele kutwa nzima. Mbona sauti haikukauki?"

"Nani anapiga kelele?" Mnadi akajifanya kuudhika. "Mimi sipigi kelele, dada yangu. Anayepiga kelele ikifika saa sita hana koo, anabaki kuonyesha bei kwa vidole. Mimi naitoa sauti. Unataka nini? Unataka kuuza?"

"Nataka kuimba."

Mnadi akamtazama, akaona hatanii. "Njoo sokoni jioni, wakati nafunga."

Akaenda, mumewe alipokwisha kuondoka kwenda lindo. Nyuma ya kibanda, Mnadi akamlaza chali juu ya robota la nguo, akamwekea tita la suruali za jinzi tumboni. Mwanamke mtu mzima, kalala sokoni miguu imenyooka, na wauza vitunguu wanachungulia! Uso ulimwaka moto.

"Nyanyua hizo suruali."

"Kwa mikono?"

"Kwa pumzi. Kifua kisicheze. Tumbo ndilo linalofanya kazi, koo ni mlango tu. Wewe umeubana mlango miaka na miaka, halafu unalaumu upepo."

Suruali zikapanda, zikashuka. Zikapanda, zikashuka. Siku ya pili akamwambia atoe "aaa" huku suruali zinashuka polepole. Siku ya tatu akamwambia alegeze taya, maana aliimba kama mtu aliyeshikilia pini kwa meno. Siku ya nne akamsimamisha mbele ya kibanda.

"Unamwimbia nani?"

"Wewe."

"Mimi achana nami, nimeshafika. Muone yule mama mwenye mwavuli, anakwenda zake. Usimwite, usimpigie kelele. Imba tu, lakini iweke sauti pale juu ya mwavuli wake."

Akaimba. Mama mwenye mwavuli akakata kona. Kesho yake akamwimbia muuza ndala, hakugeuka. Siku ya sita, mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni upande wa pili wa barabara alisimama, akaushusha, akatazama huku na huku akitafuta inakotoka. Mpiga pasi alijificha haraka nyuma ya makoti. Moyo ulimwenda mbio kama aliyeiba.

"Umemuona?" Mnadi akauliza, sauti yake imeshuka kweli kwa mara ya kwanza.

"Nimemuona."

*

Tatizo likaanzia hapo. Mtu aliyeonja hawezi kungoja jioni. Asubuhi, pasi mkononi, mpiga pasi alianza kuvumisha wimbo puani, midomo imefumba. Mume alikoroma. Siku iliyofuata midomo ikafunguka kidogo. Halafu ukafika ule mstari wa juu, na tumbo, ambalo sasa lilikwishajua kazi yake, likausukuma lenyewe. Sauti ikagonga ukuta, ikamrudia. Hakuwahi kujua kwamba chumba kile kinaweza kujaa.

Kitandani mume aligeukia ukutani. Hakusema kitu. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hata jino lilipomuuma, mkewe alilijua kwa kuona chakula kinatafunwa upande mmoja.

"Kidogo tu," mpiga pasi alijiambia. Kesho yake akajiambia hivyo tena. Siku ya tatu alimwona mumewe akiuchukua mto, akajifunika nao kichwa. Alimwona vizuri kabisa. Akageuza shati upande wa pili, akaendelea kuimba.

Jumatano ya wiki ya pili Mwalimu alikwenda getini, akasimama. Mnong'ono akaimba. Kwanza Mwalimu alikuwa amekunja mikono, kisha akaikunjua. Aliporudi darasani alifungua daftari lake, akafuta jina la Tarumbeta kwenye ule wimbo, akaandika lingine. Hakuna aliyecheka.

Alitaka sana kumwambia mtu habari hiyo. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa na kiatu cha mlinzi hakipo mlangoni. Akaitunza habari mpaka asubuhi.

*

Asubuhi mume alichelewa. Alipofika ilikuwa saa tatu, na hakuwa na kofia ya kazi wala lile koti lenye nembo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kofia iko wapi?"

"Wameichukua. Nimesimamishwa."

"Umefanya nini?"

"Nililala." Akafuta uso kwa kiganja. "Msimamizi alipita alfajiri akanikuta kwenye kiti, kirungu kimeanguka. Hakuna kilichoibwa. Lakini amenipiga picha, mdomo wazi. Kawaonyesha wenzangu wote."

Mpiga pasi alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Ni kwa sababu yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Sema basi."

"Nikuambie nini? Nililala mimi, siyo wewe."

"Kwa nini hukuniambia ninyamaze?"

Mume aliinama kufungua kamba za viatu. "Nilidhani utachoka," akasema. Halafu akaongeza, polepole, kama anayemwambia mtu mwingine: "Na ulikuwa unaonekana una furaha. Sikutaka niwe mimi wa kuizima."

Ile habari aliyoitunza usiku kucha hakuitoa.

*

Siku zilizofuata mume alishinda ndani, macho. Hapo ndipo mpiga pasi alipoona jinsi walivyokuwa wageni. Alijua mgongo wake, alijua kukoroma kwake, lakini hakujua mtu huyu huangalia nini akiwa amekaa tu. Mume alijitolea kukunja nguo. Alizikunja kama anayefunga mzigo wa kuni, ikabidi mkewe azipige pasi upya wakati yeye ametoka kwenda msalani, ili asimwone. Wateja walikuja, wakamkuta mwanamume kakaa kitandani na fulana, wakasalimia kwa aibu, wakaondoka haraka. Mmoja aliuliza, "Shemeji yuko likizo?" Mume akaitikia, "Ndiyo, likizo," akaenda kusimama dirishani.

Jumatatu mpiga pasi alivaa gauni lake la kwaya, akaenda kwenye ofisi ya kampuni ya ulinzi. Hakumwambia mumewe anakokwenda.

Palikuwa na foleni ya watu wapatao ishirini, wengi vijana wanaotafuta kazi, na mbele kidirisha cha kioo kizito chenye tundu dogo. Karani alikuwa ndani, anakunywa chai. Zamu yake ilipofika aliinama kwenye tundu.

"Nimekuja kwa ajili ya mume wangu, yule mlinzi wa yadi ya mabomba..."

"Sikusikii, mama."

"Mume wangu alisimamishwa..."

"Mama, ongea. Watu wako nyuma yako."

Kijana mmoja kwenye foleni akaguna. Mwingine akasema kuna watu wanakuja kupoteza muda wa wenzao. Mpiga pasi alinyooka. Akaacha kuliangalia tundu. Mle ndani, nyuma kabisa ya karani, palikuwa na mlango ulioachwa wazi nusu, na miguu ya mtu iliyopandishwa juu ya meza. Akavuta pumzi mpaka mkanda wa gauni ukambana.

"Mume wangu alilala kazini kwa sababu mchana nilimnyima usingizi! Nilikuwa naimba! Kosa ni langu, si lake!"

Haikuwa kelele. Ndiyo maana ilifika kila mahali. Foleni nzima ikanyamaza, kisha vicheko vikaanza, vya chini kwa chini, halafu wazi. "Mke anaimba, mume anakosa usingizi!" mtu akadakia. Miguu ikashuka mezani. Msimamizi akatoka, simu mkononi, akaja hadi kiooni.

"Wewe ndiye mwimbaji?"

"Ndiye mimi."

"Nitajuaje husemi uongo kumtetea?" Aligeuka kumkonyeza karani. "Haya, imba. Tusikie hiyo sauti ya kumwamsha mlinzi."

Angeweza kuondoka. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuondoka. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akaimba ubeti wa kwanza wa ule wimbo, katikati ya watu waliomcheka, mbele ya kioo chenye alama za vidole vya watu. Alipofika kwenye mstari wa juu vicheko vilikuwa vimekoma. Msimamizi alikuwa ameshusha simu. Mama mfagiaji alisimama kwenye ngazi na fagio lake.

Alipomaliza, hakuna aliyejua la kufanya. Kupiga makofi kungekuwa ajabu. Karani aliyatazama majani ya chai kwenye kikombe.

"Basi," Msimamizi akasema, akakohoa. "Kurudi yadi haiwezekani, nafasi imeshajazwa. Kuna lindo la mchana kule machimbo ya kokoto. Ni mbali. Wanalala hukohuko, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Akitaka, gari la mchana, Jumamosi hii. Asipotaka, alete sare iliyobaki."

"Atataka," mpiga pasi akasema, kwa sauti yake ya zamani. Jumamosi hiyo ndiyo siku ya ukumbi.

*

Habari za mtaani hazina miguu lakini zinafika. Alipofungua mlango mumewe alikwishaambiwa.

"Umewaimbia," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Watu wa ofisini kwangu. Wananitumia salamu."

"Walinilazimisha."

"Mimi hujawahi kuniimbia."

"Hujawahi kuwa macho," mpiga pasi akajibu, na neno hilo likatoka kali kuliko alivyokusudia.

Mume akasogea kitandani, akampisha nafasi, naye akaketi. Akamweleza yote: machimbo, gari, Jumamosi, na ule wimbo wa ukumbini. Mume akasikiliza hadi mwisho.

"Kumbe mchana," akasema. "Nitakuwa nalala usiku kama watu."

"Ndiyo."

"Na wewe utaimba saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tano."

"Gari ni saa nane. Nitakuja."

Alitaka kumwambia kwamba yuko tayari kuuacha wimbo, na alikuwa tayari kweli. Lakini mume alikuwa ameinama, anavuta begi kutoka uvunguni na kulipangusa vumbi, naye akaona afadhali amtafutie soksi.

*

Ukumbi ulinukia rangi mbichi. Viti vilikuwa vya plastiki, vipya, vingine bado na nailoni. Watu walijaa, na kwa kuwa hapakuwa na umeme, wasemaji watatu wa mwanzo walipiga kelele mpaka shingo zikawatoka mishipa, na bado wa nyuma walikuwa wanaulizana, "Anasemaje?"

Kwaya ilipopanda, mpiga pasi alimtafuta mumewe. Alikuwa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, begi katikati ya miguu, amevaa shati ambalo alikuwa amelinyoosha mara mbili. Alikuwa ameketi wima kama yuko lindoni. Walipoonana aliinua kidevu kidogo.

Wimbo ukaanza. Wanaume wakaweka msingi, sauti za kati zikaingia, kisha wote wakanyamaza, akabaki peke yake. Hakuangalia vidole. Aliipeleka sauti juu ya vichwa, juu ya kofia na vilemba na watoto waliobebwa mabegani, hadi kwenye kile kiti cha mwisho. Mstari wa kwanza, aliwaona watu wa nyuma wakiacha kuulizana. Mstari wa pili, Tarumbeta, aliyekaa mbele na kitambaa chake shingoni, alianza kusogeza midomo pamoja naye bila sauti.

Mstari wa tatu alimwona mumewe akifumba macho. Alidhani anasikiliza. Kisha kichwa kikalegea, kikaangukia ukuta, mdomo ukaachama. Ilikuwa saa tano na robo, saa ambayo kwa miaka kumi na moja mwili wake ulikuwa usingizini.

Kila kitu ndani yake kilimwambia ashushe sauti: mtu amelala. Mstari wa juu ulikuwa mbele yake, hatua mbili tu. Akamtazama yule mtu aliyelala katika watu mia tatu, uso wake umetulia kama wa mtoto aliyeshiba, na hakushusha. Akauimba wote, kwa ukubwa wake wote, ukagonga kuta mpya na kujaza kila pembe, na mumewe hakutikisika.

Makofi ndiyo yaliyomwamsha. Aliruka akasimama, akapapasa kiunoni kutafuta kirungu, kisha akaona watu wamesimama, naye akapiga makofi kuliko wote.

*

Walitembea kwenda kituoni bila haraka, yeye mume kabeba begi, yeye mke kabeba chakula cha njiani. Mara mbili watu walimsimamisha mpiga pasi kumpa mkono. Mmoja akamuuliza mume, "Ni mkeo?" Akajibu, "Ni mke wangu," na akaonekana kulifikiria jibu lake mwenyewe.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Alipokwisha kuweka begi alirudi kwenye mlango.

"Nililala," akasema.

"Nilikuona."

"Nilisikia mwanzo. Mstari wa kwanza na wa pili. Nilikuwa najifinya paja nisisinzie, nikasikia kama mtu ananifunika shuka." Akashika mlango wa gari. "Nisamehe."

"Ulilala vizuri?"

Akafikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa na daktari. "Sikumbuki lini nimelala hivyo."

Mpiga pasi alimrekebisha ukosi, ingawa ulikuwa umenyooka. Dereva akapiga honi. Mume akapanda, akapata kiti upande wa mbali na mkewe, hivi kwamba gari lilipogeuka mpiga pasi aliona visogo vya watu tu, wala hakujua kipi ni cha nani.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Akavua gauni la kwaya, akalitundika, akaketi kitandani upande wa ukutani, ambako hakuwahi kukaa mchana. Nje watoto walikuwa wanacheza na kupiga kelele, na hapakuwa na sababu ya kwenda kuwanyamazisha. Saa ilionyesha tisa kasorobo. Aliinuka kwenda kuinjika chakula, akafika kwenye jiko, akasimama hapo na sufuria mkononi, hajui apike saa ngapi, wala apike kiasi gani.